Kidonda Kisichopona na Sauti Isiyorudi

Sisi tusemao katika redio twajua thamani ya sauti, kwa kuwa hatuna kitu kingine cha kuwapelekea watu. Basi leo twapenda kueleza habari za ugonjwa ambao hushika mahali pale pale tunapopitishia pumzi, chakula na maneno. Ugonjwa huo ni saratani ya kichwa na shingo. Twataka mjue mambo mawili: jinsi ya kuutambua mapema, na jinsi mgonjwa wake apatavyo watu wa kumshika mkono.

Tuanze na kisa cha mfalme. Mwezi wa Januari 1887, Frederick, mrithi wa kiti cha enzi cha Ujerumani, alishikwa na sauti ya kukwaruza. Wiki zikapita, sauti haikurudi. Madaktari wakaona uvimbe mdogo katika uzi mmoja wa sauti. Mwezi wa Mei wengine walitaka kumpasua, wengine wakasema tungoje. Kipande cha uvimbe kikakatwa, kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, aliyekuwa bingwa mkubwa wa elimu ya maradhi siku zile, naye hakuona saratani ndani yake. Upasuaji ukaahirishwa. Ilipofika Novemba ndipo ilipokubaliwa kwamba ni saratani kweli. Mwezi wa Februari 1888 alitobolewa shingoni apate kupumua, na tangu siku hiyo akawa anazungumza kwa kuandika katika vipande vya karatasi. Tarehe 9 Machi baba yake alikufa, naye akawa mfalme asiye na sauti. Alitawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 Juni 1888. Mwanawe, Wilhelm wa Pili, ndiye aliyekuwa mfalme wa Wajerumani zamani walipotawala Tanganyika.

Kisa hiki chatufundisha kwamba ugonjwa huu hautazami cheo wala mali. Tena chatufundisha kwamba miezi ipoteayo mwanzoni haipatikani tena mwishoni. Mfalme yule alikuwa na madaktari wengi, wakapoteza wakati kwa kubishana. Sisi wengi wetu hupoteza wakati kwa kunyamaza.

Je, saratani ni nini? Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu. Kila siku chembe kuukuu hufa, na nyingine huzaliwa badala yake, kwa hesabu. Mtu akijikata kwa kisu, chembe za ngozi huongezeka mpaka jeraha lifumbe, kisha hukoma. Saratani ni chembe zilizosahau kukoma. Zaongezeka bila amri, zaingia katika nyama iliyo karibu, na baadaye baadhi yake husafiri mpaka mahali pengine mwilini. Zikianzia kinywani au kooni, mara nyingi kituo chao cha kwanza ni matezi ya shingo. Ndiyo sababu mtu huweza kuona uvimbe shingoni, kumbe asili yake imejificha nyuma ya ulimi au nyuma ya pua.

Tusemapo saratani ya kichwa na shingo, hatusemi juu ya ubongo. Twasema juu ya midomo, ulimi, ufizi, shavu kwa ndani, kaakaa, tezi za mate, pua na nafasi iliyo nyuma yake, koo, na kikoromeo, yaani kile kifundo cha shingoni kinachopanda na kushuka mtu amezapo mate. Ndani ya kikoromeo ndimo zilimo nyuzi za sauti.

Sasa twaja kwenye sababu zake. Ya kwanza ni tumbako, kwa kila namna itumiwavyo. Moshi wa sigara na wa kiko huunguza njia yote unayopitia. Tumbako ya kutafuna na ile iwekwayo chini ya mdomo hukaa mahali pamoja saa nyingi, ikidhuru ngozi laini ya kinywa. Ya pili ni pombe. Na mtu atumiaye vyote viwili, tumbako na pombe, hatari yake haijumlishwi tu, bali huzidishwa mara nyingi. Ya tatu yawahusu hasa ndugu zetu wa pwani na visiwani: tambuu. Wako wadhanio kwamba tambuu haina neno maadamu haikutiwa tumbako. Lakini tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni wamelihesabu popoo lenyewe, hata likiwa peke yake, miongoni mwa vitu viletavyo saratani.

Ya nne ni virusi, vijidudu vidogo kupita vyote. Kuna virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake, na hivyo hivyo huweza kuleta saratani ya koo kwa wanaume na wanawake. Chanjo yake ipo. Uganda ilianza kuwapa wasichana nchini kote mwaka 2015, Tanzania 2018, na Kenya 2019. Mzazi aletewapo habari ya chanjo hiyo shuleni kwa binti yake, asiikatae. Kuna na virusi vingine vilivyofahamika kwa sababu ya watoto wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Uganda, mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alifuatilia ugonjwa huo akauandikia habari mwaka 1958. Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakichunguza uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda, waliona ndani yake virusi vilivyoitwa Epstein-Barr. Virusi hivyo vyahusika pia na saratani ya nyuma ya pua. Uvimbe ule wa taya za watoto ni saratani ya jamii nyingine, nao hukua kwa siku, si kwa miezi. Lakini ukiwahiwa, dawa huwaponya watoto wengi. Mtoto avimbaye taya au alegeaye meno bila sababu apelekwe hospitali juma lile lile.

Ya tano ni jua kali, ambalo hudhuru midomo na ngozi ya uso. Wenye kudhurika zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kuikinga. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu kwao si pambo, ni dawa. Mwalimu aliye na mwanafunzi wa namna hii na amruhusu kuvaa kofia, na amketishe kivulini.

Labda mtu atauliza: Je, ugonjwa huu waambukiza? Twajibu: La. Saratani haihami kwa kula sahani moja, wala kwa kunywa kikombe kimoja, wala kwa kumwuguza mgonjwa. Mwingine atauliza: Je, si kazi ya mtu mbaya? Twajibu kwamba wako wagonjwa ambao hawakuvuta tumbako wala kunywa pombe maisha yao yote, na madaktari hawawezi kumwambia kila mtu sababu ya ugonjwa wake. Lakini kumtafuta jirani wa kulaumu hakupunguzi uvimbe, bali hupoteza wakati na ujirani pamoja.

Dalili zake tuzishike kwa moyo. Kidonda cha kinywani au cha mdomoni kisichopona. Doa jeupe au jekundu kinywani lisilofutika. Sauti iliyokwaruza isiyorudi. Taabu au maumivu ya kumeza. Uvimbe shingoni, hata usioumiza. Pua iliyoziba upande mmoja au itokayo damu mara kwa mara. Sikio liumalo upande mmoja, na daktari akilitazama haoni kasoro ndani yake. Jino lililolegea bila sababu. Nyingi katika dalili hizi huletwa na maradhi madogo, kama mafua au jino bovu. Na uvimbe wa shingo huweza kuwa kifua kikuu cha matezi, ambacho kina dawa yake. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe siku. Jambo mojawapo likidumu wiki 3 bila kupona, mtu asingoje wiki ya nne. Aende kwa daktari. Na mwenye kupumua kwa shida asihesabu hata siku moja.

Hapa yatupasa kutaja kosa lifanywalo mara nyingi katika nchi zetu. Mtu akikohoa sana au akiumwa na koo, husemwa ana kimeo, hukatwa kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kinywa. Kukata kimeo hakuponyi saratani wala kikohozi, na kumewahi kuleta kutokwa na damu nyingi na sumu kuingia mwilini. Hali kadhalika kuchanja uvimbe kwa wembe au kuuchoma kwa dawa kali. Maumivu ni mengi, na wiki zapotea.

Hospitalini daktari atatazama kinywani kwa taa na kupapasa shingo kwa vidole. Kwa kuona nyuzi za sauti alikuwa akitumia kioo kidogo, na siku hizi mara nyingi hutumia mrija mwembamba wenye taa. Kioo kile kina historia nzuri. Aliyekitumia kwa kutazama sauti yake mwenyewe mwaka 1854 hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa kuimba, jina lake Manuel García, aliyetaka tu kujua sauti yatoka vipi. Daktari akishuku jambo, atakata kipande kidogo na kukipeleka kikatazamwe kwa hadubini. Wako wanaoogopa wakisema, "Ukiguswa kwa kisu, ugonjwa hutawanyika." Neno hilo lisiwazuie watu. Bila kipande kile daktari hajui anapigana na adui gani. Na kama jibu ni kwamba hakuna saratani, lakini dalili zaendelea, mgonjwa arudi. Mkumbukeni Mfalme Frederick.

Tiba zake kubwa ni tatu: upasuaji, mionzi, na dawa. Mgonjwa mwingine hupewa moja, mwingine mbili au zote. Saratani ndogo ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema, wengi sana huponywa, tena hubaki na sauti zao. Mionzi hutolewa kwa mashine, siku 5 kwa wiki, na mara nyingi huchukua wiki 6 au 7. Haiumizi inapopigwa, lakini baada ya wiki chache kinywa huwa na vidonda, mate hukauka na ladha ya chakula hupotea. Kwa hiyo mgonjwa huonwa na daktari wa meno kabla ya kuanza, maana jino bovu ling'olewe kwanza, si baadaye. Na mvutaji aache tumbako kabisa, kwa kuwa mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyeiacha. Tiba hii hupatikana katika hospitali kubwa, kama Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi na Mulago ya Kampala.

Kuna wagonjwa ambao hawana budi kuondolewa kikoromeo chote. Mpasuaji Theodor Billroth alifanya kazi hiyo mjini Vienna, tarehe 31 Disemba 1873, kwa kumwondolea mgonjwa kikoromeo chenye saratani. Na wasaidizi wake walimtengenezea mgonjwa kifaa cha kumsaidia kusema. Tangu hapo mtu wa namna hiyo hupumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Je, atakuwa bubu maisha yake yote? La. Ziko njia tatu. Wengine hufundishwa kumeza hewa kidogo na kuitoa kwa kuigeuza kuwa maneno. Wengine hushika chombo cha umeme kinachotetemeka na kukibandika shingoni. Na tangu 1980 wako wanaowekewa kilango kidogo kati ya njia ya pumzi na njia ya chakula, hata hewa ya mapafu ikapita na kufanya sauti. Sauti hiyo si ile ya zamani, lakini ni maneno yake mwenyewe.

Basi twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote tuliyosema. Ugonjwa huu hauchukui afya tu, humtenga mtu. Mtu mwenye jeraha la uso huona watu wakigeuza macho. Mtu alaye polepole na kudondosha mate huanza kula peke yake jikoni. Mtu asiyesikika huacha kwenda barazani, kwa kuwa watu humjibia kabla hajamaliza. Hivyo huweza kuponywa hospitalini akapotea nyumbani. Kumzuia asipotee ni kazi yetu sisi.

Kwanza, mgonjwa ajulishwe kweli ya ugonjwa wake kwa upole, wala mambo yasipangwe nyuma yake. Pili, aletwe mezani au mkekani pamoja na wengine, hata kama chakula chake ni uji wa maziwa, mtori au supu. Chakula chake kipondwe, kitiwe mafuta au karanga zilizosagwa kwa kumwongeza nguvu, kisiwe na pilipili wala ndimu, na kitolewe kidogo kidogo mara nyingi. Tatu, angojewe asemapo. Awe na ubao au daftari la kuandikia. Na kama hajui kuandika, nyumba nzima ikubaliane ishara za maji, maumivu, ndiyo na hapana. Hapa twawageukia ninyi wanafunzi. Nyinyi mjuao kusoma mwaweza kuwa sauti ya babu au ya shangazi. Msomeeni maagizo ya dawa, mwandikieni maswali yake kwa daktari, kisha msomeeni majibu. Nne, mwenye tundu shingoni alifunike kwa kitambaa chepesi kilicho safi, ajihadhari na vumbi na moshi wa jikoni, wala asiogelee, maana maji yakiingia pale yaingia mapafuni.

Tano, mgonjwa asisafiri peke yake kwenda kwenye mionzi. Wiki 7 mjini ni gharama kubwa ya chakula na malazi, na wako wanaorudi kijijini tiba ikiwa nusu kwa kukosa nauli. Tiba iliyokatwa katikati huupa ugonjwa nafasi. Afadhali ukoo, majirani na wenzake wa msikitini au kanisani wakae shauri kabla ya safari, wajue nani atakwenda naye na nani atalima shamba lake. Tena hospitali kubwa huwa na afisa wa ustawi wa jamii. Mgonjwa amwulize mapema kama liko punguzo la malipo na mahali pa kulala.

Sita, atafutiwe mwenzake. Hakuna mhubiri wala daktari awezaye kumwambia mtu aliyekatwa kikoromeo neno lenye nguvu kama la mtu mwingine aliyekatwa kikoromeo, ambaye amesimama mbele ya kitanda chake akasema, "Na mimi nililala hapa." Watu wa Marekani waliokuwa wamepoteza sauti walilifahamu jambo hilo, wakaanzisha vyama vya kutembeleana na kufundishana kusema, navyo viliungana mwaka 1952 kuwa chama kimoja. Sisi nasi twaweza. Siku ya kwanza kliniki, mgonjwa au ndugu yake na amwulize mwuguzi swali hili: "Je, yuko mtu aliyeugua kama mimi akatibiwa, nipate kuonana naye?" Kama kuna chama, ataelekezwa. Kama hakuna, wagonjwa wawili wanaokutana benchi moja kila asubuhi waweza kuanza: wapeane majina, wapeane siku ya kukutana, na mmoja asipoonekana, mwingine aulize habari zake. Lakini wenzi hawa wakumbuke mpaka wao. Mwenzako hukupa moyo. Dawa hutoka kwa daktari. Na mtu ajaye mkutanoni akiuza chupa ya kuponya saratani ya kila namna, aonyeshwe mlango.

Na kama ugonjwa umefika mahali usipoweza kuponywa, kazi haijakwisha. Maumivu yana dawa. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kwa watumishi wa namna hiyo wengi wamejua kwamba mofini ya kunywa, itolewayo kwa kipimo cha daktari, humwezesha mgonjwa kulala usiku na kuagana vema na watu wake. Kuomba dawa ya maumivu si woga.

Basi, ndugu zetu, tukumbuke machache. Tuache tumbako, na tambuu yenye popoo, na pombe. Kidonda, uvimbe au sauti iliyokwaruza isipite wiki 3 bila daktari. Kipande kikitakiwa, tukubali. Tiba ikianza, tuimalize. Na mgonjwa tusimwache ale peke yake wala akae kimya peke yake. Mfalme Frederick alikuwa na watu wa kuyasoma maandishi yake hata siku ya mwisho. Mgonjwa wa kijijini kwetu naye astahili mtu wa kuketi karibu, kumngoja amalize neno lake, na kumjibu.

Kwa leo twakoma hapa. Kwa herini.